Sepali, Petali na Tepali: Maneno Matatu na Kosa Moja la Mwalimu

Miongoni mwa mada ambazo mwalimu wa Sayansi katika shule ya msingi huzifundisha kwa moyo mwepesi ni mada ya sehemu za ua. Mchoro wake umo vitabuni, maneno yake ni machache, na vifaa vyake havinunuliwi, kwa maana maua yapo kila mahali. Aghalabu mwanachuo anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha hufurahi akipangiwa mada hii, kwa kuwa huiona haina hatari. Sisi nasi tulikuwa na imani hiyo hiyo tulipoanza kazi. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi imani hiyo ilivyotutoka, na kusimulia historia ya neno moja la elimu ya mimea, yaani tepali, ambalo laiti tungalilijua mapema tungalimtendea haki mtoto mmoja.

Shule tuliyoanzia kazi ilipakana na mashamba ya mkonge. Siku ya kwanza ya mada hiyo tulichora ua kubwa ubaoni kwa chaki za rangi: sepali kwa chaki ya kijani, petali kwa chaki nyekundu, stameni na pistili katikati. Tuliwaamuru watoto wa Darasa la Tano waunakili mchoro ule, kisha tukawakaririsha kwamba sepali ni za kijani nazo hulinda tumba la ua, na petali ni za rangi ya kupendeza nazo huwavuta wadudu. Walikariri vizuri sana. Tuliwaagiza kila mmoja aje na ua moja kesho yake, achore alichokileta na kuandika majina ya sehemu zake.

Kesho yake walikuja na maua ya maboga, ya kunde na ya pamba. Lakini watoto wawili wa dawati la nyuma walikuwa na maua ya mkonge, waliyoyachuma kwenye mti mmoja mrefu wa mkonge ulioangushwa na upepo. Kabla hatujawafikia, walikuwa wamekwisha kubishana.

"Mwalimu, ua hili halina sepali," alisema mvulana. "Nje ya petali hakuna kitu kingine kinachozifunika."

"Lina sepali, mwalimu, ila halina petali," alipinga msichana aliyeketi naye. "Zote sita ni za kijani."

Tulilichukua ua lile tukalitazama. Lilikuwa na vipande sita, vitatu vikiwa nje kidogo na vitatu ndani kidogo, vyote vya umbo moja na vya rangi moja ya kijani inayoelekea manjano. Tuliona wazi kwamba watoto wale walikuwa wameona sawasawa. Tuliona pia kwamba hatukuwa na jibu. Mwalimu mpya aliyesimama mbele ya watoto hamsini huogopa kitu kimoja kuliko vyote, nacho ni ukimya wake mwenyewe. Tukasema kwa sauti kubwa, "Nyote wawili mmekosea. Kila ua lina sepali na petali. Tazameni ubaoni."

Jioni tulisahihisha madaftari. Mvulana alikuwa ameliacha ua la mkonge, akachora ua la boga la jirani yake. Msichana alikuwa amelichora ua la mkonge kwa uangalifu mkubwa: vipande sita vinavyofanana, stameni sita ndefu zilizochomoza nje, na kikonyo chake. Kwenye vile vipande sita hakuandika jina lolote. Chini ya mchoro aliandika kwamba hajui aviite nini kwa sababu vyote ni sawa. Tulichukua kalamu nyekundu, tukatia alama ya kosa, tukaandika: "Rudia. Onyesha sepali na petali."

Alirudia. Siku ya pili alituletea mchoro mwingine wenye sepali fupi za kijani kwa nje na petali pana kwa ndani, mithili ya mchoro wetu wa ubaoni, na juu yake aliandika "Ua la Mkonge." Ua kama lile halikuwapo shambani wala popote pengine. Nasi tukampa alama ya vema.

Ndugu wanachuo, alama ile ya kosa ilikuwa ni dhambi ya kutojua, na kutojua kunasameheka. Alama ile ya vema ndiyo iliyotusumbua baadaye. Kwa alama hiyo tulimfundisha mtoto mwenye macho mazuri kwamba katika somo la Sayansi mtu huchora anachoambiwa wala hachori anachokiona.

Miaka michache baadaye, tulipokuwa tukisomea stashahada ya ualimu, tulikutana na neno "tepali" katika kitabu cha mimea. Maelezo yake yalikuwa mafupi: hilo ni jina la kila kipande cha kifuniko cha ua pale ambapo vipande vya nje na vya ndani havitofautiani. Mifano iliyotajwa ilikuwa maua ya lili na jamaa zake. Tulikumbuka papo hapo dawati lile la nyuma. Tangu siku hiyo tumekuwa tukiifuatilia historia ya neno hili na ndugu zake wawili, nayo imetufunza mengi kuhusu kazi yetu.

Tuanze na petali. Asili yake ni neno la Kigiriki, petalon, lenye maana ya jani, au kitu chembamba kilichotandazwa kama bamba la madini. Wagiriki wa kale hawakuwa na jina la pekee kwa sehemu hiyo ya ua. Theophrastus, aliyeandika juu ya mimea zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliyataja baadhi ya maua kuwa ni maua yenye majani. Kwa karne nyingi baada yake wataalamu wa Ulaya nao waliendelea kusema "majani ya ua," kama wasemavyo hata leo watoto wetu kabla hatujawapa neno jingine. Ilipofika karne ya 17, Mwitaliano Fabio Colonna alilichukua neno lile la Kigiriki, akalitia umbo la Kilatini, akalitumia kwa majani ya ua peke yake ili yasichanganywe na majani ya kawaida. Kwa hiyo mtoto anayesema "jani la ua" hajakosea hata kidogo. Yuko mahali walipokuwa wataalamu wote kabla ya Colonna.

Sepali ni neno changa zaidi. Carolus Linnaeus wa Uswidi, ambaye mwaka 1753 aliweka msingi wa majina ya mimea tunayoyatumia hadi leo, aliliita duara la nje kalisi na duara la ndani korola, yaani taji dogo. Kipande kimoja cha korola kilikuwa na jina lake, petali, lakini kipande kimoja cha kalisi hakikuwa na jina la namna hiyo. Mwaka 1790 Noël Martin Joseph de Necker aliliziba pengo hilo kwa kubuni neno sepali. Alilichukua neno la Kigiriki skepe, lenye maana ya kifuniko, akalifinyanga lifanane na petali. Basi ndani ya jina lenyewe mna kazi ya sehemu hiyo, yaani kulifunika tumba. Rangi ya kijani haimo katika neno hilo. Sisi walimu ndio tunaoiongeza.

Mwaka huo huo wa 1790 mshairi wa Kijerumani, Johann Wolfgang von Goethe, alichapisha kijitabu ambamo alidai kwamba sehemu zote za ua ni jani moja lililobadilika umbo hatua kwa hatua. Mwalimu anaweza kulionyesha wazo hilo kwa ua la yungiyungi, kwa sababu katika aina kadhaa za yungiyungi petali za ndani huzidi kuwa nyembamba hadi mtu hushindwa kusema petali zimekoma wapi na stameni zimeanzia wapi.

Sasa twende kwenye tepali, na hapa ndipo tulipostaajabu. Lile bishano la watoto wawili wa Darasa la Tano lilikwisha kuwapo miongoni mwa wataalamu wakubwa. Linnaeus alipoyaeleza maua ya lili aliandika kwamba hayana kalisi, ila yana petali sita. Antoine-Laurent de Jussieu wa Ufaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1789, alishika njia ya pili: mimea ya kundi hilo haina korola, na vipande vile vyote ni vya kalisi. Wote wawili walikuwa na macho mazuri, na wote wawili walikuwa wakitazama kitu kile kile. Mvulana wetu alisema aliyoyasema Linnaeus. Msichana wetu alisema aliyoyasema Jussieu. Nasi, mbele ya darasa zima, tuliwaambia kwamba wote wamekosea, tukawaelekeza kwenye chaki.

Aliyeleta suluhu alikuwa Augustin Pyramus de Candolle, mtaalamu wa Geneva. Katika kitabu chake juu ya viungo vya mimea cha mwaka 1827 alipendekeza jina la tatu. Hakwenda mbali kulitafuta. Alizibadilisha nafasi herufi mbili za petali, p ikaenda mahali pa t na t mahali pa p, likapatikana tepali. Hata katika Kiswahili mchezo huo waonekana waziwazi. Neno hilo halisemi jani wala kifuniko. Linakiri tu kwamba hapa kuna vipande vinavyolizunguka ua, navyo havijagawanyika katika aina mbili. Lilikuwa neno la unyofu, kwani lilimruhusu mtaalamu kuandika alichokiona bila kulilazimisha ua lifuate kitabu.

Msichana wetu hakuwa na neno hilo. Alikuwa na nafasi tupu na sentensi moja iliyosema kwamba vipande vyote ni sawa. Lakini ile nafasi tupu ndiyo ile ile ambayo de Candolle aliijaza mwaka 1827.

Huenda mwanachuo akauliza: je, tuwafundishe basi watoto wa shule ya msingi neno tepali? Jibu letu ni kwamba si lazima kila darasa lifundishwe neno hilo, lakini ni lazima kila mwalimu alijue. Wapo wasemao kwamba maneno ya namna hii ni mageni mno, na kwamba yanawachosha watoto. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, mkonge wenyewe ni mgeni. Uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, na katika miche iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Leo mtoto wa Tanga au wa Morogoro hauoni kuwa mgeni, kwa sababu ameushika kwa mikono yake. Neno nalo huwa hivyo. Likija baada ya kitu kuonekana na kuguswa, huota mizizi. Likija kabla, hubaki sauti tu ya kukariri.

Kutokana na hayo, tunapenda kupendekeza utaratibu ufuatao kwa mwalimu anayejiandaa kufundisha sehemu za ua.

Kwanza, ua litangulie ubao. Watoto walete maua, wayakate kwa uangalifu kutoka nje kuelekea ndani, na kuvipanga vipande vyake juu ya karatasi duara baada ya duara. Katika hatua hii mwalimu asitaje jina lolote. Aulize maswali matatu tu: Viko vingapi? Viko wapi? Vinafanana au vinatofautiana?

Pili, mchoro utangulie majina. Mtoto achore alichonacho mkononi, si kilichopo ubaoni. Mwalimu anaposahihisha awe na ua lile lile mezani, maana bila ua hawezi kujua kama mchoro ni wa kweli.

Tatu, jina lije pamoja na maana yake. Sepali ni kifuniko. Petali ni jani lililotandazwa. Mtoto akiambiwa hivyo hatakuwa na haja ya kukariri kwamba sepali ni za kijani. Na ni vema asikariri hivyo, kwa kuwa si kweli daima. Sepali za komamanga ni nyekundu, nazo hubaki zimesimama juu ya tunda mithili ya taji. Choya ile tuitengenezayo juisi nyekundu ni kalisi iliyonenepa baada ya ua kunyauka. Kwa upande mwingine, ile kofia ya kijani juu ya bilinganya na juu ya nyanya ni sepali zilizobaki baada ya petali kuanguka. Sepali hutambulikana kwa mahali ilipo, yaani duara la nje kabisa, wala si kwa rangi yake.

Nne, mwalimu atafute kwa makusudi ua litakalowatatiza watoto. Karafuu yafaa sana, na karibu kila jiko linayo. Karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua, kisha likaanikwa. Ikilowekwa katika maji ya moto hadi ilainike, watoto wataona vipembe vinne vilivyokizunguka kichwa. Hivyo ndivyo sepali. Kichwa chenyewe cha mviringo ni petali nne zilizofumbana, na zikifunuliwa kwa ncha ya pini huonekana stameni nyingi zilizojikunja ndani. Kisha mwalimu alete ua la kitunguu au la shubiri, awaulize watoto waonyeshe sepali ziko wapi. Wakinyamaza, asiwakimbilie. Wakibishana, ashukuru. Wakikubaliana wenyewe kwamba vipande vyote ni vya namna moja, hapo ndipo neno tepali laweza kuingia darasani, nao watalipokea kama chombo walichokuwa wakikihitaji.

Hatudai kwamba utaratibu huu ni rahisi. Darasa la watoto wengi, kipindi kifupi na mtihani unaokaribia ni mambo yanayomsukuma mwalimu kurudi kwenye chaki. Lakini kosa letu halikutokana na wingi wa watoto wala ufupi wa kipindi. Lilitokana na hofu ya kusema "sijui" mbele ya wanaotuita mwalimu.

Hofu hiyo twaiona kwa wanachuo wetu tunapokwenda kuwakagua katika mazoezi ya kufundisha. Hivi karibuni tuliketi nyuma ya darasa moja, tukiwa na fomu ya tathmini magotini, huku mwanachuo akifundisha mada hii hii. Mtoto mmoja aliinua ua la kitunguu akauliza sepali zake ziko wapi. Mwanachuo alilitazama ua, kisha akatutazama sisi. Tuliinamisha macho kwenye fomu, kwa maana tulijua yale macho yanaomba nini, na tulitaka kuona atafanya nini bila msaada. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Mimi mwenyewe sijui bado. Njooni tuhesabu." Walihesabu sita. Akaandika ubaoni: "Ua la kitunguu: vipande sita, vinafanana. Jina lake:" akaacha nafasi tupu, akawaambia watoto kwamba nafasi ile ataijaza baada ya kusoma, na yeyote atakayepata jibu kabla yake aje nalo.

Baada ya kipindi alitujia kwa unyonge. "Samahani, mwalimu," alisema, "pale nilikwama." Tulimketisha chini ya mti, tukamsimulia habari za mkonge, za msichana wa dawati la nyuma, na za alama yetu ya vema. Kisha tukamwonyesha fomu. Katika sehemu ya ujuzi wa mada tulikuwa tumempa alama ya juu, nayo tuliiandika pale pale alipoiacha nafasi ile tupu, kabla hajatuomba samahani.

Ni matumaini yetu kwamba kila mwanachuo atakayesoma makala haya atakwenda darasani na maneno yote matatu moyoni, na ua halisi mkononi. Na siku mtoto atakapomletea mchoro usiofanana na ule wa ubaoni, aliombe kwanza ua lenyewe, alitazame, ndipo achukue kalamu nyekundu.